Ulimi, Pua na Jicho Mbele ya Bia ya Pottsville

Pottsville ni mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, katika sehemu iliyojulikana zamani kwa machimbo ya makaa ya mawe. Mwaka 1829 mhamiaji mmoja kutoka Württemberg, Ujerumani, aitwaye David Yuengling, alifungua hapo kiwanda cha bia. Kiwanda kiliungua mwaka 1831, kikajengwa upya kwenye mteremko wa kilima, na ndani ya kilima hicho yakachimbwa mapango ili bia ikae katika ubaridi, maana majokofu yalikuwa hayajapatikana. Kiwanda hicho kingali mikononi mwa ukoo ule ule, nacho ndicho kikongwe kuliko viwanda vyote vya bia vinavyofanya kazi Marekani. Tangu mwaka 1987 kimekuwa kikiuza bia yenye rangi ya kaharabu, yaani rangi ya chai ya rangi isiyokolea, iitwayo Traditional Lager. Imeenea sana Pennsylvania, hata mtu akiagiza “laga” bila kutaja jina, mara nyingi huletewa hiyo.

Waonjaji walioandika juu ya bia hii hawatofautiani sana. Husema kuwa ina harufu hafifu ya karameli na ya mkate uliookwa, kwamba ina utamu kidogo, kwamba uchungu wake ni mdogo, na kwamba ikishamezwa ladha yake haikawii kinywani. Baadhi yao huongeza kuwa inanuka mahindi ya kuchemsha. Wengine hudai kuwa inanuka mnyama ambaye ni mfano wa kicheche wetu.

Je, maneno hayo yanatueleza habari za kinywaji, au yanatueleza habari za mnywaji? Mwanafunzi anaposoma ammita, hatuulizi kama anaipenda waya ile. Tunauliza sindano inaelekea wapi. Mwonjaji hana sindano. Ana ulimi, pua, jicho, na kumbukumbu ya yote aliyopata kuambiwa juu ya chupa iliyo mbele yake. Kama vyombo hivyo vyaweza kusomwa kwa uaminifu, basi tathmini yake ni ushahidi wa kisayansi. Kama havisomeki, ni porojo tu.

Jambo hili si la mzaha kwa kiwanda kidogo. Mwaka 1873 Marekani ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 4,000. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 sheria ilipiga marufuku vileo nchi nzima, na kiwanda cha Pottsville kilijikimu kwa bia isiyolevya na kwa kutengeneza aiskrimu. Marufuku ilipoondolewa, makampuni makubwa yaliendelea kuwameza wadogo, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vilivyosalia havikufika 100. Ikiwa mnywaji aweza kweli kutofautisha bia na bia, mwenye kiwanda kidogo ana kitu cha kuuza. Ikiwa hawezi, atakayeshinda ni yule mwenye fedha nyingi za matangazo.

Jina lililobandikwa kwenye chupa

Mwaka 1964 Wamarekani wawili, Allison na Uhl, walichapisha matokeo ya jaribio lililowaudhi watu wa biashara ya bia. Waliwachukua wanaume zaidi ya 300 waliozoea kunywa bia, wakawapelekea nyumbani chupa zisizo na jina lolote, na kuwaomba wazipe alama. Alama zilizorudi zilikaribiana mno. Kwa jumla wanywaji hawakuweza hata kuitambua ile bia waliyodai kuwa ndiyo yao siku zote. Baadaye wakaletewa bia zile zile, safari hii zikiwa na majina yake. Alama zikapanda, na kila mmoja akaipendelea bia yake. Bia haikubadilika, kilichoongezwa ni karatasi ya jina.

Wengi walihitimisha kutokana na jaribio hilo kwamba bia zote ni sawa. Kwa maoni yangu walikosea. Watu wale waliulizwa ni kwa kiasi gani wanakipenda kinywaji, hawakuulizwa kama chupa hii ni tofauti na ile. Tena bia zenyewe zilikuwa za jamii moja. Kupenda na kutambua ni mambo mawili, na swali lililoulizwa kwa kupenda haliwezi kujibu habari za kutambua. Mtu aweza kutofautisha vizuri kabisa machungwa ya shamba hili na ya lile, na bado akayapenda yote kwa kiasi kimoja.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2006 na Lee, Frederick na Ariely, lilichimba zaidi. Katika baa za Massachusetts waliwapa wateja bia ya kawaida pamoja na nyingine iliyotiwa matone ya siki. Walioonja pasipo kuambiwa lolote, wengi wao waliipenda ile yenye siki. Walioambiwa kabla ya kuonja waliikataa. Jambo la kuvutia ni kundi la tatu, lililoambiwa baada ya kuonja lakini kabla ya kuchagua: hao walichagua takriban sawa na wale ambao hawakuambiwa kitu. Maana yake ni kwamba mtu anayeambiwa mapema hajitii tu kukunja uso kwa sababu ya neno “siki”. Habari ikitangulia, huingia katika ladha yenyewe na kuibadilisha. Ikichelewa, hukuta mlango umekwisha fungwa.

Rangi hutoka wapi

Tuigeukie kaharabu. Shayiri hulowekwa, huoteshwa, kisha hukaushwa, ikawa kimea, kama vile ulezi na mtama unavyofanywa kimea vijijini kwetu. Kuota huamsha vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuvunja wanga kuwa sukari. Kwa kawaida kazi hiyo hungoja mpaka kimea kisagwe na kulowekwa katika maji ya moto kiwandani. Lakini kiko kimea cha namna nyingine, kiitwacho kimea cha karameli. Hiki hupashwa joto kingali kibichi, kwenye nyuzi za sentigredi 65 hadi 70 hivi, ili wanga ugeuke sukari ndani ya ganda la punje. Kisha joto huzidishwa kupita nyuzi 100. Hapo sukari hukutana na asidi amino, na rangi ya hudhurungi huzaliwa. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza badiliko hilo mwaka 1912. Twaliona kila siku katika ganda la mkate, katika andazi linapotolewa kwenye mafuta, katika buni inapokaangwa na katika nyama iliyochomwa.

Badiliko hilo hilo moja huzaa rangi na huzaa harufu. Sehemu ya sukari zilizofanyika haziliwi na hamira, nazo hubaki ndani ya bia zikiipa utamu na uzito kidogo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba bia ya Pottsville, ambayo hutumia kimea cha namna hiyo, ina ladha ya karameli, anasema jambo lenye sababu ya kikemia. Aina hii ya bia ina asili yake Vienna, ambako Anton Dreher alianza kuipika mwaka 1841. Ilifika Marekani pamoja na wahamiaji wa Kijerumani.

Rangi hupimika kwa urahisi. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 430 hupitishwa katika sentimita 1 ya bia, ukubwa wa ufyonzwaji wake husomwa, na tarakimu hiyo huzidishwa kwa 12.7. Bia nyeupe za kawaida hupata 2 hadi 4, na za kaharabu hupata karibu 10 au kuzidi. Shule yenye kolorimita yaweza kufanya vipimo vya namna hiyo kwa chai.

Lakini rangi ni shahidi mwenye ulimi wa asali. Kimea kilichounguzwa hata kikawa cheusi, kikitiwa kidogo sana, chaweza kuipa bia nyeupe rangi ya kaharabu pasipo kuipa karameli ya kutosha kuonjeka. Jicho halitajua, na likishaona hudhurungi, huiamuru pua inuse karameli. Mwaka 2001 watafiti Morrot, Brochet na Dubourdieu waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo, huko Bordeaux, mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hawa hawakuwa watu wa kuokotwa njiani, bali ndio waliokuwa wakisomea kazi hiyo. Kwa sababu hiyo vyumba vingi vya uonjaji huwashwa taa nyekundu, au vinywaji humiminwa katika bilauri nyeusi, ili jicho liwekwe kando.

Mahindi na kicheche

Ulimi wenyewe hujua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama ambayo wataalamu huiita umami. Walimu wa baiolojia wataniwia radhi nikisema kwamba ile ramani ya ulimi, yenye utamu kwenye ncha na uchungu kwenye shina, si sahihi, ingawa ingali ikichorwa katika baadhi ya vitabu. Ilitokana na kusomwa vibaya kwa kazi ya Hänig ya mwaka 1901. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huonja ladha zote. Mengine yote tunayoyaita ladha, karameli ikiwamo, ni harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya koo. Mtu akibana pua yake na kutia pipi kinywani, hupata utamu tu. Akiachia pua, tunda lililotajwa kwenye karatasi ya pipi hutokea ghafula. Pua ya mwanadamu ina vipokezi vya harufu vya aina 400 hivi, na waliogundua jamii ya jeni zake mwaka 1991, Linda Buck na Richard Axel, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Sasa zile harufu mbili za ajabu. Bia ya Pottsville hutiwa chenga za mahindi pamoja na kimea cha shayiri, kama bia nyingi za Marekani. Mwonjaji anayejua hayo akinusa mahindi ya kuchemsha huona amekwisha pata sababu. Kumbe sivyo. Katika bia, harufu hiyo kwa kawaida ni ya gesi iitwayo dimethili salfaidi, na asili yake ni kimea cha shayiri. Shayiri inapoota hujenga kitu ambacho kikipashwa moto hutoa gesi hiyo. Mchemsho wa nguvu huifukuza pamoja na mvuke, na mchemsho hafifu huiacha ndani. Chenga za mahindi hazihusiki. Mwonjaji amenusa sawasawa, lakini amekisia vibaya, na katika tathmini nyingi mambo hayo mawili huandikwa katika sentensi moja kama kwamba ni kitu kimoja.

Harufu ya kicheche ni hadithi ya mwanga. Uchungu wa bia hutoka katika maua ya hopsi, mmea utambaao wa nchi za baridi. Mwanga wa buluu na wa zambarau ukiingia ndani ya chupa, vitamini B2 iliyomo katika bia huupokea na kuupitisha nguvu yake kwenye molekuli zile chungu. Kipande cha molekuli huvunjika, hukutana na salfa, na huwa kitu cha jamii ile ile ya kemikali ambazo skanki wa Amerika hutumia kujihami. Kiasi cha nanogramu chache katika lita moja chatosha pua kukitambua. Ni vyombo vichache vya maabara viwezavyo kushindana na pua katika jambo hilo. Chupa ya hudhurungi huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na kopo huuzuia wote. Chupa ya kijani huupitisha kwa wingi, na kwa miaka mingi bia ya Pottsville imekuwa ikiuzwa katika chupa za kijani.

Mtu aliyeonja chupa iliyokaa siku kadhaa kwenye dirisha la duka lenye jua, kisha akaandika kwamba bia hiyo inanuka, ameandika kweli tupu juu ya chupa ile. Juu ya bia iliyotoka pipani kiwandani hajasema neno. Umri nao hufanya mambo yake: bia iliyozeeka hupata harufu ya kadibodi, kutokana na kitu kiitwacho nonenali. Tathmini isiyotaja chombo, umri na joto la bia ni kama kipimo kisichotaja vizio. Joto nalo si jambo dogo, maana bia iliyo baridi kama barafu haitoi harufu yake. Ndiyo sababu bia ikitoka katika jokofu kali sana, bia mbovu na nzuri hukaribiana.

Kumfanya mwonjaji kuwa chombo

Dawa ya haya yote imepatikana, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno. Mwaka 1979 Mdenmaki Morten Meilgaard na wenzake walitoa orodha ya maneno zaidi ya 100 ya kueleza ladha za bia, yaliyopangwa katika mduara mfano wa gurudumu. Thamani ya orodha hiyo haimo katika wingi wa maneno. Imo katika sharti lake, kwamba kila inapowezekana neno lifungwe kwa kitu halisi. Mwonjaji akitaka kutumia neno “siagi”, kwanza huonjeshwa bia iliyotiwa kipimo kinachojulikana cha diasetili, kitu ambacho hamira huitoa inapochacha na kisha kukila tena ikipewa majuma ya kutosha katika ubaridi. Kwa Kijerumani “lagern” ni kuhifadhi ghalani, na ndiko jina la laga lilikotoka. Baada ya mazoezi kama hayo, waonjaji kumi wanaposema “siagi” huwa wanasema kitu kimoja, na jirani yao mkemia aweza kuwahakiki.

Sehemu ya pili ni hesabu. Viwanda vya bia vina haki ya kujisifu hapa: kanuni ambayo wanafunzi wa takwimu huiita jaribio la t la “Student” ilitungwa na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha Guinness mjini Dublin, akaichapisha mwaka 1908 kwa jina hilo la kubuni. Kwa uonjaji, njia iliyo nyepesi ni ile ya vikombe vitatu, iliyositawishwa katika viwanda vya bia huko Skandinavia katika miaka ya 1940. Mwonjaji hupewa vikombe vitatu visivyo na jina. Viwili vina kinywaji kimoja, cha tatu kina kingine. Haulizwi anapenda kipi. Huulizwa kipi si cha wenzake.

Akibahatisha, atapata mara moja katika kila mara tatu. Wakiwa waonjaji 12, bahati peke yake huwapa 4 waliopatia. Wakipatia 7, bado yawezekana ni bahati, kwa kuwa jambo hilo au zaidi yake hutokea karibu mara 7 katika 100. Wakipatia 8, uwezekano huo hushuka chini ya mara 2 katika 100, na hapo waonjaji hukubali kwamba tofauti ipo. Bia ya kaharabu ikipimwa hivyo dhidi ya bia nyeupe chini ya taa nyekundu, maneno “ladha ya karameli” hupata nafasi ya kujitetea pasipo msaada wa rangi wala wa jina la kale.

Hii ndiyo tathmini ninayoiona kuwa imeandikwa vizuri: “Traditional Lager ya Yuengling, kutoka kopo, mwezi wa pili tangu kupakiwa, nyuzi 8, bilauri nyeusi, dhidi ya bia mbili nyingine zisizotajwa. Karameli hafifu, ganda la mkate. Utamu kidogo. Uchungu mdogo, haukawii. Siagi haipo. Kicheche hayupo.” Kisha, kwa mstari wake wa pekee, kama mwonjaji anaipenda au haipendi. Mstari huo wa mwisho hauna makosa, wala hauna ushahidi. Ni habari ya mtu.

Somo hili halihitaji kileo darasani. Chai ya rangi yatosha. Mwalimu apike birika mbili kwa majani na maji ya kipimo kimoja; katika moja aache majani dakika 3, katika nyingine dakika 5, kisha zote mbili zipoe kwa kiasi kimoja. Vikombe viwe visivyopenya nuru, vyenye vifuniko na tundu dogo la kunywea, ili rangi isionekane. Mpangilio wa vikombe uchaguliwe kwa kura, na anayevigawa asijue vilivyomo. Kwa darasa la wanafunzi 36, bahati itatoa 12 waliopatia. Inatakiwa wafike 18 ndipo darasa lidai kuwa ulimi umetambua. Baada ya hapo vifuniko viondolewe, jaribio lirudiwe huku rangi ikionekana, na idadi mbili hizo ziandikwe ubaoni pamoja.